Alice Werner: Profesa aliyefuata nyayo za Sungura hadi Mto Tana

MSAFIRI anayetoka Malindi kuelekea Lamu hufika Garsen akiwa amechoka kwa vumbi na joto. Mbele yake huwa daraja la Mto Tana, na ng'ambo hiyo nchi hubadilika ghafla. Kuna migomba na miembe, mashamba ya mpunga, mitumbwi iliyofungwa kandokando ya maji, na ng'ombe wa Waorma wakisukumana kwenda kunywa. Mto huo, mrefu kuliko yote nchini Kenya, hapa huenda taratibu kama mzee asiye na haraka hadi Kipini, unapoingia Bahari Hindi.

Katika bonde hili, zaidi ya miaka 100 iliyopita, alifika mwanamke wa Kizungu aliyekuwa amepita umri wa miaka 50. Hakuja kuhubiri, kupima ardhi wala kuwinda tembo. Alikuja kusikiliza hadithi za Sungura na Fisi. Jina lake ni Alice Werner, na baadaye alikuja kuwa profesa wa Kiswahili na lugha za Kibantu katika chuo cha London ambacho leo hufahamika kama SOAS.

Wanafunzi wa fasihi simulizi wanaokariri mashuleni sifa za hurafa, yaani ngano ambazo wahusika wake ni wanyama, mara chache hulisikia jina hilo. Hata hivyo, mengi ya yale wanayofundishwa kuhusu Sungura mjanja na Fisi mlafi yaliwahi kupangwa, kulinganishwa na kuelezwa na bibi huyu kabla walimu wa walimu wao hawajazaliwa.

Mtoto wa mwalimu wa lugha

Alice Werner alizaliwa mnamo Juni 26, 1859, katika mji wa bandari wa Trieste, ambao wakati huo ulikuwa chini ya himaya ya Austria na leo umo nchini Italia. Baba yake alikuwa Mjerumani mwenye asili ya Mainz, mwalimu wa lugha, na mama yake alikuwa Mwingereza. Familia hiyo haikutulia mahali pamoja. Iliishi New Zealand, Mexico, Marekani na sehemu mbalimbali za Ulaya, hadi ilipoweka makao katika mji wa Tonbridge, Uingereza, mwaka wa 1874. Binti huyo alikuwa na umri wa miaka 15 hivi, na tayari masikio yake yalikuwa yamezoea lugha kadhaa.

Alisomea Chuo cha Newnham, Cambridge, kuanzia mwaka wa 1878. Inafaa kukumbuka kwamba wanawake waliruhusiwa kusoma pale lakini chuo kikuu hicho hakikuwapa shahada kamili hadi mwaka wa 1948, miaka 13 baada ya Bi Werner kufariki. Alipotoka chuoni aliandika mashairi na hadithi, na akakusanya kitabu cha vichekesho vya Waitaliano kilichochapishwa mwaka wa 1892. Hakuna dalili katika kazi hizo za awali kwamba angekuja kuwa bingwa wa lugha za Kiafrika.

Mambo yalibadilika mwaka wa 1893 alipokwenda Nyasaland, nchi ambayo sasa ni Malawi, akakaa katika misheni ya Blantyre. Huko alijifunza Kinyanja na kukutana kwa mara ya kwanza na Kalulu, ambaye ndiye Sungura wetu kwa jina la kwao. Mwaka uliofuata alielekea Natal, Afrika Kusini, akaingia katika Kizulu na kufanya urafiki na jamaa ya Askofu Colenso, watu waliojulikana kwa kuwatetea Wazulu mbele ya serikali ya kikoloni.

Aliporejea Uingereza alianza kufundisha Kizulu na Kiafrikana katika King's College, London, mwaka wa 1899. Mwaka wa 1906 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu watu wa Nyasaland, na ndani yake ngano zilipewa nafasi ya heshima.

Sungura avuka bahari

Kazi moja ndogo ya wakati huo ndiyo inayoonyesha jinsi akili yake ilivyokuwa ikifanya kazi. Mwaka wa 1907, Mwingereza Walter Jekyll alichapisha mkusanyiko wa nyimbo na hadithi za watu weusi wa Jamaica, nyingi zikimhusu buibui Anansi. Aliyeombwa kuandika utangulizi ni Bi Werner. Humo alieleza kwa mifano jinsi hadithi hizo zilivyotokana na zile za Afrika, zikapelekwa ng'ambo na watu waliouzwa utumwani.

Jambo hilo leo laonekana wazi, lakini wakati ule halikuwa jepesi. Marekani na Ulaya zilikuwa zimekwisha kumpenda Brer Rabbit, sungura wa vitabu vya Uncle Remus ambavyo Joel Chandler Harris alianza kuvitoa mwaka wa 1880. Wasomi walibishana kuhusu asili yake. Baadhi waliona vigumu kukubali kwamba hadithi zenye ustadi kama huo zingeweza kutungwa na Waafrika, wakazitafutia chimbuko India au Ulaya. Bi Werner alimjua Kalulu, na hakuhitaji kwenda mbali hivyo.

Alichohitaji ni ushahidi zaidi kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Askofu Edward Steere alikuwa ametoa mkusanyiko wake wa hadithi za Unguja mwaka wa 1870, na Mjerumani Ferdinand Würtz, wa misheni ya Neukirchen iliyoanzishwa Ngao mwaka wa 1887, alikuwa ameandika sarufi ya Kipokomo na msamiati wake. Lakini vitabu ni vitabu. Mwaka wa 1911 Bi Werner alipata ufadhili wa usafiri kutoka chuo chake cha zamani cha Newnham, akafunga safari.

Kandokando ya Tana

Kati ya mwaka wa 1911 na 1913 alizunguka pwani ya Kenya, wakati huo ikiitwa himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Alikaa miongoni mwa Wamijikenda, akafika Lamu, na akaingia bonde la Tana kwa Wapokomo. Aliandika pia kuhusu Wasanye, wawindaji wa misituni, na kuhusu wafugaji wa Kiorma, ambao vitabu vya enzi hizo viliwaita kwa jina la Wagalla, jina ambalo wenyewe hawalitaki.

Nchi ya Tana ya chini wakati huo haikuwa na barabara ya maana. Watu na mizigo walisafiri kwa mitumbwi. Mfereji wa Belezoni, uliochimbwa kwa mikono ya watu katika karne ya 19, uliunganisha mto huo na Ozi, na ndio uliowapitisha wasafiri wengi. Mamba na viboko walikuwa majirani wa kila siku. Vijiji vya Wapokomo vilikaa juu ya kingo za mto, na mafuriko yalipokuja yaliacha tope jeusi ambalo mpunga na mahindi hulipenda. Kule Golbanti, mahali palipokuwa na misheni ya Wamethodisti, watu bado waliweza kusimulia jinsi mhubiri John Houghton na mkewe walivyouawa wakati wa uvamizi wa Wamaasai mwaka wa 1886.

Matokeo ya safari hiyo yalianza kutokea katika majarida ya wasomi mjini London kuanzia mwaka wa 1912. Makala yake kuhusu ngano za Wapokomo ilichapishwa mwaka wa 1913 katika jarida la chama cha wanafasihi simulizi wa Uingereza. Ni miongoni mwa maandishi ya mapema ya Kiingereza yaliyoichukulia fasihi ya watu wa Tana kuwa jambo la kuchunguzwa kwa makini, si la kuchekwa.

Miongoni mwa masimulizi ya Wapokomo aliyoyaweka katika vitabu vyake ni lile la Vere, mzee wa kwanza wa ukoo wa Wabuu. Vere alitokea duniani bila baba wala mama. Hakuujua moto, akaishi kwa matunda ya mwitu na samaki wabichi, hadi alipokutana na mtu aitwaye Mitsotsozini aliyemfundisha kupekecha vijiti hadi vikatoa moto, na kupika. Msomaji wa Garsen ataona mara moja uzito wa hadithi hiyo: mkulima wa mtoni anakiri kwamba moto wa jiko lake alipewa na mtu mwingine aliyemtangulia katika nchi.

Kisima cha wanyama

Lakini aliyemvuta Bi Werner kuliko wote ni Sungura, na hadithi aliyoirudia mara kwa mara katika maandishi yake ni ya kisima. Huenda hakuna mtoto wa pwani asiyeijua kwa namna moja au nyingine.

Nchi imekauka. Wanyama wote wanakutana na kukubaliana kuchimba kisima, kila mmoja kwa zamu yake. Sungura anakataa. Maji yanapopatikana, anapigwa marufuku kuyagusa, na mlinzi anawekwa. Sungura anakuja na kibuyu cha asali, anamlambisha mlinzi kidogo, kisha anamwambia kwamba utamu wote haupatikani mpaka mtu afungwe kamba. Mlinzi mlafi anakubali kufungwa. Sungura anakunywa, anaoga, anayachafua maji na kwenda zake. Mlinzi wa pili ananaswa vivyo hivyo. Mwishowe anajitolea Kobe, mnyama ambaye hakuna aliyemdhania. Anajificha ndani ya maji, na katika baadhi ya masimulizi anapakwa ulimbo mgongoni. Sungura anapoingia kisimani mguu wake unashikwa, na safari hii hana asali ya kumwokoa.

Bi Werner alionyesha kwamba hapa ndipo ilipotoka ile hadithi mashuhuri ya Marekani ya sanamu la lami linalomnasa Brer Rabbit. Kule ng'ambo kisima kimefifia na Kobe ameondoka, ikabaki lami tu. Wasimulizi waliochukuliwa utumwani walibeba hadithi nzima, na njiani baadhi ya viungo vikapotea. Aliyekuwa na bahati ya kuisikia Afrika ndiye aliyeweza kusema kilichopotea ni kipi.

Mwenye kuitazama hadithi hiyo kwa makini ataona kanuni ambazo walimu hutaja darasani. Wanyama wanaishi kama watu: wana vijiji, mashamba, wake, madeni na mabaraza. Bi Werner alisisitiza kwamba msimulizi wa Kiafrika hasimami kueleza kwa nini Fisi anajenga nyumba au Simba anaoa. Mpaka kati ya mtu na mnyama haumshughulishi. Mdogo humshinda mkubwa kwa akili. Tukio hurudiwa, mara nyingi mara tatu, na katika marudio hayo huingizwa wimbo ambao hadhira huupokea. Na mjanja mwenyewe ana mpaka wake. Sungura humshinda Simba, Tembo na Fisi, lakini hushindwa na Kobe, aliye mnyonge na mpole kuliko yeye.

Kuna pia kanuni za nje ya hadithi. Pwani, fanani huita Paukwa, na hadhira hujibu Pakawa. Bila jibu hilo hakuna kinachoendelea. Ngano husimuliwa usiku, kazi zikiisha. Jamii nyingi za Kibantu zilikataza kusimulia mchana, na kwingine watoto walitishwa kwamba wangeota pembe. Tishio hilo lilikuwa na busara yake katika nchi ya kilimo: ndege wa kufukuzwa mpungani hawangojei hadithi imalizike.

Sungura wa bustanini

Wakati Bi Werner akiwatafuta wasimulizi wa Kiafrika, Uingereza ilikuwa imemkumbatia sungura mwingine. Mwaka wa 1902 Beatrix Potter alichapisha kitabu chake cha Peter Rabbit, cha kwanza katika mfululizo wa vitabu vidogo kuhusu wanyama wa shambani: sungura waliovaa koti, bata, panya na kalunguyeye anayefua nguo. Vitabu hivyo vilileta sura ya wanyama wapole wa mashambani ambayo imeigwa hadi leo katika vitabu na vipindi vya watoto duniani kote.

Potter alikuwa amechora picha za Uncle Remus katika miaka ya 1890, kabla ya kujipatia jina. Mwaka wa 2023 msomi Emily Zobel Marshall, wa Chuo Kikuu cha Leeds Beckett, alitoa hoja kwamba vitabu vya Potter vinadaiwa mengi na hadithi hizo za watumwa kuliko inavyokubaliwa. Hoja hiyo imezua ubishi. Hata hivyo, anayejua ya Kalulu na Sungura hawezi kushangaa sana anapomwona Peter akiingia shamba la mtu, akila mboga na kuponea chupuchupu.

Tofauti ni kubwa pia. Peter anapokosa, hupewa dawa na kulazwa kitandani mapema, ingawa upole huo una kingo zake, maana babake aliishia kuwa kitoweo. Sungura wa Tana hana mama wa kumsubiri kwa dawa. Akishikwa atauawa, na akiponyoka ni kwa ulimi wake mwenyewe. Kwa maoni ya mwandishi huyu, vitabu vyetu vya shule ya msingi vimemfuata zaidi Peter. Sungura amekatwa makucha, hadithi imefungwa kwa funzo fupi, na ule wimbo uliokuwa moyo wa masimulizi umeachwa kwa sababu haupigiki chapa. Bi Werner alimwacha Sungura na ukatili wake. Alimwona ni kiumbe wa wanyonge, wasio na mikuki ya kutosha.

Profesa wa Kiswahili

Chuo cha taaluma za nchi za Mashariki kilipofunguliwa mjini London mwaka wa 1917, Bi Werner alikuwa miongoni mwa walimu wake wa mwanzo, na mwaka wa 1921 akawa profesa wa Kiswahili na lugha za Kibantu. Chuo Kikuu cha London kilimtunuku shahada ya juu ya uzamivu wa fasihi mwaka wa 1928. Pamoja na dada yake Mary alitoa kitabu cha kujifunzia Kiswahili mwaka wa 1927. Wengi wa wanafunzi wake walikuwa maafisa wa serikali ya kikoloni na wamishonari waliokuwa wakijiandaa kuja huku, na hilo halifai kufichwa. Elimu yake ilitumika pia kutawala.

Katika miaka hiyo ambapo mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, yeye aliendelea kuhariri tenzi za Kiswahili cha kaskazini. Alichapisha Utenzi wa Ayubu, akaandika kuhusu Fumo Liongo, shujaa anayeaminika kuzikwa Kipini, na mwaka wa 1934, pamoja na William Hichens, akatoa utenzi ambao Mwana Kupona alimtungia binti yake mwaka wa 1858.

Kuhusu ngano, kazi zake kuu ni mbili. Ya kwanza ni sehemu ya Afrika katika mfululizo mkubwa wa vitabu vya visasili vya mataifa yote, iliyotoka mwaka wa 1925. Ya pili ni kitabu chake cha visasili na hekaya za Wabantu cha mwaka wa 1933, chenye sura nzima kuhusu asili ya Brer Rabbit Afrika na nyingine kuhusu Kobe. Wapokomo wamo ndani yake bega kwa bega na Wazulu, Wanyanja na Waganda.

Dosari za kazi hiyo zipo. Mara nyingi hadithi hutajwa kwa jina la kabila, na fanani mwenyewe, aliyekaa kando ya moto akaimba na kuigiza sauti ya Fisi, hubaki bila jina. Kinachosomwa ni muhtasari wa Kiingereza, si Kipokomo. Sauti haimo.

Wapokomo wanajua uchungu wa jambo la namna hiyo. Miaka michache kabla ya Bi Werner kufika, maafisa wa Uingereza walitwaa ngadzi, ngoma kuu iliyokuwa alama ya mamlaka yao, ikaishia katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Bi Werner hakuhusika na utwaaji huo, wala hadithi si ngoma. Anayeichukua hadithi humwachia mwenyewe nayo. Lakini ngoma iliyonyamaza ghalani na hadithi isiyo na jina la msimulizi ni ndugu kwa namna fulani.

Si kila kitu cha Tana kilichopotea hivyo. Mwaka wa 1963, Kenya ilipotafuta wimbo wa taifa, lahani ilichukuliwa kutoka wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto, na jina la Meza Morowa Galana aliyeutoa linakumbukwa.

Alice Werner hakuolewa. Alistaafu mwishoni mwa miaka ya 1920 na kutunukiwa nishani ya CBE mwaka wa 1931, akiendelea kuandika hadi mwisho. Alifariki mnamo Juni 9, 1935, katika mji wa Welwyn Garden City, kaskazini mwa London, akiwa amebakisha siku chache kutimiza miaka 76.

Miaka 77 baadaye, kuanzia Agosti 2012, wakulima wa Kipokomo na wafugaji wa Kiorma walipigana katika delta hiyohiyo kwa ajili ya malisho na njia za kufikia maji. Zaidi ya watu 100 waliuawa kabla mapigano hayo hayajatulia mapema mwaka wa 2013, na vijiji kama Riketa na Kilelengwani vikateketezwa. Hadithi ya wanyama waliokutana wakati wa ukame kuamua nani achimbe kisima na nani anywe ilikuwa bado inasimuliwa.